Kuvua Viatu, Kuvua Samaki

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Walitaja nguo, hawakutaja viatu, na mtu wa pwani haoni upungufu wowote katika kauli hiyo. Kwake yeye bahari huanza pale makubazi yanapovuliwa. Mvuvi wa Nungwi au wa Wete huyaacha nyumbani, au huyabeba mkononi mpaka ufukweni, akasukuma chombo chake kwa nyayo tupu, na mchanga ukazipokea bila ya kuzidhuru. Labda wale wanaotembea juu ya miamba wakati wa bamvua wakitafuta pweza ndio wanaokumbuka kuvaa kitu mguuni, kwa kuchelea ncha za matumbawe na mwiba wa taa.

Lakini yako maji yasiyokuwa na mchanga. Mto Mara hutoka katika nyanda za Mau nchini Kenya, ukasafiri kiasi cha kilomita 395 hadi Ziwa Viktoria. Hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambamo uvuvi umekatazwa, kisha hushika njia ya magharibi, ardhi za Wilaya ya Tarime zikiwa kaskazini yake na za Wilaya ya Serengeti kusini. Huko chini maji hupunguza mwendo, yakatanuka, yakawa kinamasi kikubwa cha mafunjo kabla ya kupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani. Tangu Wilaya ya Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, ufuko wa ziwa umekuwa wa Rorya. Hivyo anayetaka kuvua bila ya kutoka ndani ya wilaya hizi mbili hana budi kuutazama mto na vinamasi vyake.

Mvuvi wa huko, mara nyingi, ni mkulima na mfugaji kabla ya kuwa mvuvi. Hutoka kwenye mahindi au kwenye zizi, akashuka mtoni kwa njia ya mawe na miiba, na mguuni amevaa katambuga, viatu vilivyokatwa katika matairi makuukuu ya magari na kupigwa misumari. Katambuga zinastahiki sifa. Mwiba wa mgunga hauzipenyi upesi, nazo hudumu miaka. Zikifika ukingoni, hata hivyo, sifa hizo hugeuka kuwa lawama. Ni nzito, tope likizishika hazing'oki kwa urahisi, na msumari uliochomoza kidogo tu hunasa uzi wa wavu.

Basi avue abaki miguu mitupu? Unyayo mtupu ni mwalimu wa mtumbwi: huhisi ubao unaolegea, huhisi maji yanayovuja, na hushika mahali ambapo kiatu kingeteleza. Lakini mafunjo yaliyokatwa huacha visiki vyenye ncha chini ya maji. Ndani ya mtumbwi zimo ndoana, wamo kambare na gogogo ambao miiba ya mapezi yao huchoma mpaka mfupani, na jeraha dogo lililoloweshwa kutwa nzima halikawii kutunga usaha. Katika maji yaliyotuama yumo pia adui asiyeonekana, yaani vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi isiyokuwa hata na mkwaruzo.

Hofu hiyo ndiyo inayowapeleka wengi kwenye mabuti ya mpira, au gambuti kama yanavyoitwa. Hoja yao si dhaifu. Buti huukinga mguu dhidi ya kisiki, ndoana na kichocho maadamu maji hayajavuka kingo zake, na mtu mwenye fedha za jozi moja tu hupenda jozi itakayomfaa shambani, zizini na mtoni. Tena buti lina heshima yake. Aliyelivaa huonekana mtu wa kazi.

Taabu huja siku mtumbwi unapopinduka. Kiboko akiibukia chini yake, au watu wawili wakauvuta wavu kwa upande mmoja, muda wa kufikiri haupo. Maji hujaa ndani ya buti mara moja. Watu husema kwamba buti lililojaa humvuta mtu chini kama jiwe. Si kweli kabisa, kwani maji yaliyomo ndani hayana uzito zaidi ya yale yaliyo nje. Linalomwua ni jingine: buti humnyima mateke, miguu ikawa mizito kuitupa, na anapoushika mtumbwi ili ajiinue, ndipo yale maji yanapopata uzito wao wote nje ya uso wa mto. Na si kila avuaye samaki ajuaye kuogelea.

Hapa lugha yenyewe ina neno la kumwambia. Kuvua ni kutoa samaki majini, na kuvua ni kutoa vazi mwilini. Na washairi wanajua kwamba kuvua ni pia kumwokoa mtu na janga. Mvuvi wa Mara anazihitaji maana zote tatu kwa wakati mmoja. Kiatu kinachomfaa hakipimwi kwa namna kinavyoshika mguu peke yake, bali kwa namna kinavyouachilia. Asimame penye maji ya kina kifupi, ajaribu kukivua kwa mguu wa pili bila ya kutumia mikono. Kikikataa hapo, kitakataa na kwenye kilindi. Ndiyo maana kiatu chepesi cha plastiki chenye matundu, kile kiitwacho yeboyebo, kisichokuwa na kamba wala kifungo cha kunasa wavu, kinampita buti kwa kazi ya mtumbwini, japokuwa hakina fahari. Humwaga maji kinavyoyapokea. Kichocho hakikizuii, hilo lisifichwe; dawa yake iko hospitali, na humezwa. Asiyeweza kuliacha buti, basi achague lililomzidi mguu kidogo, lipate kutoka.

Katambuga nazo zina kazi yao hata baada ya kuvuliwa. Zikiwekwa pamoja juu ya ukingo mkavu, humwambia kila apitaye kwamba mwenyewe yumo majini. Jioni huzivaa akarudi kwake. Giza likiingia zikiwa bado pale pale, aliyeziona hana haja ya kuulizwa. Huwaita watu, wakatafuta mtumbwi.