Maji Yatapita Wapi?

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi nchini Zambia, na Kiswahili nakisoma jioni. Watu wengi wakisikia nasomea mabwawa hudhani najifunza kujenga kuta tu. Kumbe swali gumu zaidi ni hili: mafuriko makubwa yakija, maji yatapita wapi?

Swali hili linanigusa. Bibi yangu mzaa mama ni Mtonga. Alikuwa msichana mdogo wakati Watonga wapatao 57,000 walipohamishwa kupisha ziwa la Kariba. Baadhi yao, wakiwamo wazazi wake, walipelekwa Lusitu, upande wa chini wa bwawa. Hivyo familia iliyohamishwa kwa sababu ya maji leo inaishi mbele ya ukuta unaoyazuia.

Ukuta huo una kimo cha mita 128 na ulijengwa kati ya 1955 na 1959. Mwaka 1957 Mto Zambezi ulifurika na kuvuruga kazi. Mwaka uliofuata yakaja mafuriko makubwa zaidi, yapata mita za ujazo 16,000 kwa sekunde. Usanifu ukabadilishwa, na milango ya utoro wa maji ikaongezwa hadi sita. Hapo nilielewa kwamba mafuriko ya "mara moja katika miaka elfu" si miadi. Ni uwezekano wa moja kwa elfu kila mwaka, hata mwaka unaofuata mafuriko mengine.

Lakini kupitisha maji ni nusu ya kazi. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja, na ikianguka kutoka juu huchimba. Mabwawa mengi hujengewa beseni la kutulizia maji: sakafu nene ya zege chini ya utoro, ambako maji yaendayo kasi huumuka, hujikunja na kupoteza nguvu kabla ya kuingia mtoni. Kariba maji hurushwa hewani na kuangukia mwambani. Kwa miaka mingi yalichimba shimo lenye kina cha mita 80 hivi, ikahofiwa kwamba litasogea hadi kwenye msingi. Mwaka 2017 ilianza kazi ya kulipanua upande wa chini, ili nguvu ya maji ielekee mbali na ukuta.

Nilipomweleza bibi haya yote, aliuliza, "Mjukuu wangu, wakifungua milango yote sita, nani atatuambia sisi?"

Katika daftari langu hesabu huishia pale maji yanapotulia. Kwa bibi, hapo ndipo yanapoanza safari ya kwenda shambani kwake kando ya mto. Kwa hiyo mradi wangu wa mwaka wa mwisho nataka uanzie hapo: milango ikifunguliwa, maji huchukua saa ngapi kufika Lusitu, na ni mashamba yapi yanayozama kwanza.