"Aliniacha": Neno Moja Lililoingia Mahakamani

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilipofunzwa methali hii katika shule ya msingi, nilidhani inahusu mtungi na kisima basi. Mwaka wa 2024 ndipo nilipong'amua kuwa inahusu pia hati iliyokwisha kupakiwa katika mtandao wa mahakama. Kisa ninachokusimulia, mpenzi msomaji, ni changu, na kosa lililomo ni langu vilevile. Jina la mama aliyeathirika nimelisitiri.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Katika likizo ndefu nilijitolea kufanya kazi katika kituo kidogo cha msaada wa kisheria, katika mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Mombasa. Kituo kilikuwa na wakili mmoja, wasaidizi wawili wa kisheria, tarakilishi mbili na benchi refu ambalo halikuwahi kuwa tupu. Kifungu cha 48 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kuwa kila mtu anaifikia haki, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliundwa ili wasio na uwezo wapate wa kuwasemea. Wale waliokalia benchi lile ndio waliokusudiwa. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza maelezo yao kwa Kiswahili na kuyaandika kwa Kiingereza, ili wakili ayageuze kuwa hati za kesi.

Hati hizo hazikupelekwa tena masjala kwa miguu. Mahakama za Kenya zilianza kupokea kesi kwa njia ya mtandao jijini Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na kufikia Machi 2024 utaratibu huo ulikuwa umetangazwa kwa nchi nzima. Wakili wetu alikuwa na akaunti yake. Akiifungua kwa nywila, aliona kesi zake zote zimejipanga mbele yake: nambari ya kila kesi, hati zilizowasilishwa na tarehe za kusikilizwa. Alipofungua kesi mpya, alichagua mahakama na aina ya kesi, akapakia hati, mtambo ukakokotoa ada, ada ikalipwa kwa rununu, na kesi ikapewa nambari. Sitaki kuubeza utaratibu huu. Wakili alikuwa akitusimulia juu ya enzi za kuambiwa faili imepotea, kisha faili hiyohiyo ikapatikana baada ya mtu "kukumbukwa". Faili iliyo mtandaoni haijifichi chini ya meza ya mtu.

Jioni moja aliingia mjane wa makamo, kashika bahasha ya kaki. Shemeji yake alikuwa ameomba mahakamani apewe usimamizi wa mali ya marehemu, yaani shamba la ekari tatu ambalo mama huyu alililima miaka yote ya ndoa yake. Ombi lilikuwa limetangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na muda wa kuweka pingamizi ulikuwa siku 30. Zilikuwa zimesalia siku mbili. Katika ombi hilo, shemeji alidai kuwa marehemu hakuwa na mke alipofariki. Hapo ndipo palipokuwa na mzizi wa fitina, kwa kuwa Sheria ya Urithi humtanguliza mume au mke aliyebaki katika kupewa usimamizi wa mali.

Nikamwambia, "Mama, nieleze tangu mwanzo."

Akanieleza kwa utulivu. Alitaja mwaka wa ndoa, watoto, ugonjwa wa mumewe, kisha akasema, "Mwanangu, mume wangu aliniacha mwaka wa 2019 na watoto wawili." Nikaandika. Usiku ulikuwa umeingia, wakili alikuwa akisubiri, na mtandao ulikuwa ukikatika na kurudi. Neno "aliniacha" nililipa tafsiri ya Kiingereza iliyonijia upesi, ambayo wakili yeyote angeisoma kuwa mume aliondoka akamtelekeza mkewe.

Ungeuliza, je, hati ya kiapo haisomewi mwenye kuapa kabla hajaapa? Husomewa, na mimi ndiye niliyemsomea mbele ya kamishna wa viapo asubuhi iliyofuata. Lakini hebu tazama jinsi nilivyofanya. Macho yangu yalikuwa kwenye Kiingereza, na kinywa changu kikamrudishia Kiswahili chake mwenyewe: "Mume wangu aliniacha mwaka wa 2019." Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na sababu ya kukataa, maana hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Akatia alama ya kidole gumba. Alichokikubali kilikuwa kauli yake, na kilichopakiwa mchana huo kilikuwa kauli ya mtu mwingine. Pingamizi likapokelewa siku moja kabla ya muda kwisha, nasi tukapongezana.

Wiki chache baadaye, wakili aliniita kwenye tarakilishi. Upande wa shemeji ulikuwa umejibu. Hati yao ilisema kwa ufupi kwamba mpingaji mwenyewe amekiri, kwa kiapo, kuwa mumewe alikwisha kumwacha katika mwaka uleule aliofariki. Basi ni mjane wa nani? Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kuwa mume akimwacha mke, huenda amempa talaka, na vilevile kwamba aliyefariki huwa "ametuacha". Nilikuwa nimejibu swali la utata wa maneno katika mtihani wa semantiki na kupata alama nzuri. Utata huohuo ulipokaa mbele yangu umevaa leso na kushika bahasha, sikuutambua.

Niliuliza kama hati ile ingeweza kufutwa. Wakili alitikisa kichwa. Kiapo kilichokwisha kuingia kwenye kumbukumbu za mahakama hakitolewi kimyakimya. Lililobaki lilikuwa kuomba idhini ya kuwasilisha hati ya kiapo ya nyongeza, yenye kueleza kosa, aliyelitenda na maana iliyokusudiwa. Tuliambatisha stakabadhi za hospitali zenye jina la mama kama mtu wa karibu wa mgonjwa, na kipeperushi cha mazishi kilichomtaja kuwa mke.

Siku ya kusikilizwa, nilikaa nyuma, moyo ukinidunda. Hakimu alizisoma hati zote mbili, kisha akamgeukia mama na kumwuliza kwa Kiswahili alichokuwa amesema.

"Mheshimiwa, nilisema aliniacha," mama alijibu. "Kwani kuna anayekufa akaenda na mkewe?"

Hati ya nyongeza ilikubaliwa. Miezi kadhaa baadaye, mahakama ilimtambua kuwa mjane wa marehemu. Hata hivyo, katika kungoja huko, mvua za vuli zilipita bila yeye kupanda, na nusu ya shamba ilikuwa imekodishwa na shemeji. Neno langu moja lilimgharimu msimu mzima wa mahindi. Nilipokwenda kumwomba radhi, alinikaribisha uji, akaniambia, "Mwanangu, nawe ulikuwa na haraka ya kunisaidia." Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama.

Tangu hapo nimejiuliza kwa nini tulikuwa tunatafsiri. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema kuwa lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na kwamba maombi ya maandishi katika mahakama hizo yaweza kuandikwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwetu mlango uko wazi, ila mazoea ndiyo yaliyoketi kizingitini. Hati hupakiwa kwa Kiingereza kwa kuwa ya jana ilikuwa ya Kiingereza, na wakili mwenye kesi nyingi na saa chache huanzia palepale alipoishia.

Wanachama wenzangu, naandika haya kwa sababu wengi wetu tutaketi katika kiti nilichokalia. Mtambo wa mahakama hupokea kinachopakiwa. Hauulizi mama alimaanisha nini. Kuuliza ni kazi yetu. Siku hizi, kabla mteja hajatia kidole, huweka kando maandishi yake ya Kiswahili, nikaitafsiri upya ile hati ya Kiingereza neno kwa neno, kama kwamba sijapata kumsikia. Kisha humwuliza, "Mama, hivi ndivyo ulivyokusudia?"

Juzi kikongwe mmoja alinijibu, "La, sivyo." Tukaanza upya, hati ikiwa bado mezani.