Pilau ya Ijumaa kwa Baba Mkwe



Baba mkwe alituma habari kwamba atafika Ijumaa, nayo ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Mke wangu akaniuliza, "Baba Anna, tutamwandalia nini?" Ninyi mnajua: mkwe huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Tena mzee huyu hajabatizwa, na siku nilipoposa alisema wazi kwamba watu wa misheni ni wachoyo. Ningemwekea maharage, angerudi kwao na ushahidi.

Jogoo nilikuwa naye. Nikamtazama mara mbili tatu. Lakini ni mimi karani niliyebandika mlangoni mwa kanisa tangazo la kujinyima nyama. Nikasema tupike pilau bila nyama.

Mgeni mmoja wa parokia, mtu wa Minnesota huko Marekani, alikuwa ametuachia mfuko wa mchele wa mwitu. Punje zake ni ndefu, nyeusi, hata Anna akauliza kama ni mavi ya panya. Kwa kweli si mpunga kama wetu. Ni mbegu za majani mengine yaotayo katika maziwa yenye maji haba. Waojibwe, wenyeji wa nchi ile, huzivuna kwa mtumbwi: mmoja husukuma kwa upondo, mwenzake huinamisha masuke na kuyapiga kwa vijiti viwili, punje zikaanguka mtumbwini. Nyingine huanguka majini, nazo huota tena.

Jumatano nilijaribu kidogo, nikaharibu. Nilitia nyeusi na nyeupe pamoja. Mchele wetu ukawa bokoboko, na ule mweusi ukabaki kama kokoto. Basi Ijumaa nikauchemsha peke yake, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, karibu saa nzima, mpaka punje zikapasuka na kuonyesha weupe wa ndani. Nikamwaga maji. Kisha nikakaanga vitunguu hadi vikawa vya kahawia iliyokolea, maana pilau isiyo na nyama hupata rangi na utamu hapo, usifanye haraka. Nikatia kitunguu saumu na tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha viazi, njegere, vikombe 2 vya mchele wetu, chumvi na maji ya moto. Yalipokaribia kukauka nikachanganya ule mweusi, nikafunika na kupalia makaa juu.

Mzee alikula kimya, akifukua sahani kwa vidole. Mwisho akauliza, "Nyama iko wapi?" Mke wangu akainamisha kichwa.

Nikamjibu, "Baba, leo ni Ijumaa, tunajinyima kwa ajili ya mateso ya Bwana wetu. Jogoo yule pale ni wako, kesho asubuhi."

Akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Kisha akasogeza sahani aongezewe.

Kesho yake alikula kuku wake, firigisi na yote, akaomba punje nyeusi zilizobaki, akazifunga katika ncha ya shuka akazipande bondeni kwake. Nikamweleza kwamba punje hizo hukaushwa motoni kabla ya kutiwa mfukoni, haziwezi kuota. Akasema kweli watu wa misheni ni wachoyo, akaondoka nazo akicheka.