Kipimajoto nacho kinapimwa!

Haya wadau, najua nimepotea humu wiki kadhaa, msije mkadhani nimedisko, hapana! Niko fildi Kigoma, nyumbani kabisa, na mtandao wa huku Ujiji una siku zake za kununa. Kila anayenipigia ananiuliza, "hivi huko mnapima nini?" Jibu ni kwamba tunapima vipimo. Mnacheka eeh? Subirini.

Mjomba wangu anavua dagaa pale Kibirizi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, alikaa nchi kavu kama wenzake wote, watoto wanataka kula na ada ya shule haikufungwa. Sasa juzi nimeenda kumsalimia, shikamoo, marahaba, nikaanza kumwaga desa: samaki wanapungua kwa kuvuliwa sana, ndiyo, lakini pia ziwa linapata joto. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjomba, mzani wangu wa dagaa Wakala wa Vipimo wanakuja wanaukagua na kuupiga chapa. Hicho kipimajoto chao nani alikipiga chapa?"

Jamani! Miaka miwili ya fizikia Mlimani, hakuna mwalimu aliyeniuliza swali zuri kama hilo.

Maana angalieni. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, lakini tofauti ya joto kati ya juu na chini ni nyuzi chache tu: juu ni kama 25 hadi 28, chini kabisa ni 23 na ushee. Upepo wa kusi wa kiangazi ndio unaochanganya maji na kupandisha chakula cha vijimea, vinavyoliwa na vijidudu, vinavyoliwa na dagaa. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, upepo unashindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 zilitoka tafiti mbili kubwa, ya O'Reilly na wenzake katika Nature na ya Verburg na wenzake katika Science. Wa kwanza walikadiria uzalishaji wa vijimea umeshuka kama 20%, na kwamba hiyo inaweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu 30%. Wa pili walilinganisha na vipimo vilivyochukuliwa tangu 1913. Na ongezeko lenyewe kule kwenye kina kirefu ni sehemu chache za kumi za nyuzi moja kwa karne nzima!

Kwa hiyo kipima kikidanganya 0.4 tu, kinaweza kumeza habari yote ya miaka 90.

Na vinadanganya. Tulichukua vipima vyetu tukavitia kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa na maji safi, ambapo lazima visome 0. Kimoja kikasoma 0.4! Mwenzangu mmoja akataka tukipime pia kwenye maji yanayochemka, "kisome 100". Nikamwambia kaka, hapa tuko mita zaidi ya 770 juu ya bahari, maji ya Kigoma yanachemka karibu na 97. Ukilazimisha 100 umekiharibu kwa mikono yako.

Kipima unyevu ndicho kilinifurahisha zaidi. Chumvi ukiilowesha mpaka iwe uji mzito, ukaifungia kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na kipima, unyevu wa mle ndani unatulia kwenye 75% hivi. Maabara wanatumia chumvi safi kabisa, sisi tulitumia ya Uvinza, ile ile ya mboga. Kipima kikasema 81. Anayekausha dagaa kwa kutegemea hicho anaanika hewa.

Lakini barafu na chumvi ni kukagua tu, siyo ugezi wenyewe. Kipima chako kinalinganishwa na kipima bora zaidi, nacho kililinganishwa na kingine bora zaidi, mpaka kwenye maabara ya taifa, kwetu ni TBS pale Ubungo, na kutoka hapo mpaka kwenye kipimo cha kimataifa cha joto. Kila hatua ina cheti, na cheti cha kweli hakisemi "kipo sahihi". Kinasema kinakosea kwa kiasi gani, na sisi wenyewe tunaweza kuwa tumekosea kwa kiasi gani. Ukiona cheti hakina hiyo namba ya pili, ujue umenunua karatasi.

Nilirudi kwa mjomba na hayo yote. Akauliza, "Na wale wa 1913?" Nikamwambia wale hawawezi kurudi kupimwa upya, ndiyo maana watu hawakutegemea vipimajoto peke yake. Mwaka 2010 Tierney na wenzake walisoma tope la chini ya ziwa, wakakuta joto la mwishoni mwa karne ya 20 halijawahi kutokea tangu mwaka 500. Tope halina betri wala mtengenezaji.

Akakaa kimya, anashona wavu. Hakuniambia kama ameamini. Akaniuliza cheti hicho kinadumu muda gani, nikasema wengi wanarudia kila mwaka, maana vipima vinachoka. "Na hicho chenu cha 0.4?"

Kimeshafungwa kwenye boksi, kinasubiri safari ya Dar. Bumu likitoka nami nakifuata.