BUKTA YANGU NA RIMOTI YA BABA

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi. Niliikariri, nikaipachika katika insha nyingi na kujipatia alama kwayo. Hata hivyo, sikuielewa barabara hadi nilipoiona ikitendeka sebuleni mwetu, mtaani Kaptembwa, Nakuru, mbele ya televisheni ya inchi 24.

Mpenzi msomaji, kwanza nikujulishe kwetu. Baba yangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko papo hapo sebuleni, karibu na dirisha, na jioni akishona jicho moja huwa kwenye mshono na jingine kwenye runinga. Rimoti hukaa juu ya meza ya cherehani, kando ya mkasi. Hakuna mtu mwingine anayeigusa. Mama hutania kwamba siku alipoolewa alimkuta mke mwenza, yaani rimoti.

Baba ni mtu wa heshima zake na hapendi mambo ya aibu. Wanawake wakitokea kwenye runinga wakicheza voliboli ya ufukweni, tap! Stesheni imebadilishwa. Wasichana wa jimnastiki wakitokea, tap! "Watoto wanaona nini hapa? Hii ni kitu ya kuonyesha watu kweli?" Nasi hukaa kimya kama maji mtungini.

Sasa ngoja mambo ya wanaume yaanze. Mchezaji akifunga bao akavua jezi na kukimbia kifua wazi uwanja mzima, baba huruka juu hadi sindano zikamwagika. Mieleka ikianza, wanaume wazima wenye miraba minne huingia ulingoni wamevaa kichupi tu, wakapigana kwa viti. Kichupi hicho hakina aibu. Rimoti hailii tap. Bondia akitoka damu puani, sote huitwa tuje tuone. Na wageni wakija, baba huwasimulia jinsi Mike Tyson alivyomng'ata Evander Holyfield sikio kule Las Vegas mwaka 1997, akiwa na mnofu wa nyama mdomoni ili waelewe vizuri. Kisha kuna matangazo ya kamari. Ndugu yangu mdogo, aliye gredi ya sita, aliyajua makampuni ya kubeti kabla ya kuijua mito ya Kenya, kwa kuwa aliyasoma vifuani mwa jezi. Mwezi wa Aprili 2023 vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026-27. Baba hakuwahi kubadilisha stesheni kwa sababu hiyo.

Nilidhani hayo ni mambo ya kuchekesha tu. Kumbe maji yalikuwa yakielekea shingoni mwangu.

Mimi ni mkimbiaji. Sijisifu, lakini katika shule yetu ya kutwa hakuna msichana anayenipita katika mita 1500. Nilianza kwa kulazimika. Ninaishi mbali na shule, nauli ni shida, na lango hufungwa saa moja asubuhi. Basi nikawa ninakimbia, na mbio zikanikaa mwilini.

Tarehe 10 Agosti 2024 ilikuwa fainali ya mita 1500 ya wanawake katika Michezo ya Olimpiki ya Paris. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu usiku. Majirani wawili walikuwa wamekuja kwetu kwa sababu stima yao ilikuwa imepotea. Faith Kipyegon alisimama kwenye mstari pamoja na wenzake, mikono wazi, miguu wazi, kama wakimbiaji wote wanavyovaa. Moyo wangu ulinidunda. Nilitazama mkono wa baba na rimoti, nikangoja tap. Haikulia. Kipyegon alipochomoka katika mzunguko wa mwisho, baba alisimama juu ya kiti chake cha kushonea akapiga kelele, "Kimbia, mama! Kimbia! Huyo ni msichana wetu!" Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 51.29, rekodi mpya ya Olimpiki, na dhahabu yake ya tatu mfululizo katika mbio hizo baada ya Rio 2016 na Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Baba alifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Usiku huo nililala nikiwa na furaha isiyo kifani. Nikajiambia, "Baba ameona. Njia yangu imefunguka."

Muhula wa kwanza uliofuata, mwalimu wa michezo alinichagua kuwakilisha shule katika riadha ya kaunti ndogo. Alinipa fomu mzazi atie sahihi, pamoja na sare: fulana isiyo na mikono na bukta. Nilifika nyumbani mbio mbio nikaviweka juu ya meza ya cherehani. Baba aliisoma fomu polepole. Kisha akaichukua ile bukta kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Hii ndiyo nguo?"

"Ndiyo, Baba. Ni ya timu."

"Hapana. Mtoto wangu hawezi kukimbia uchi mbele ya watu. Hiyo hapana."

"Lakini Baba, hata Kipyegon..."

"Kipyegon si mtoto wangu."

Mama alijaribu kuingilia kati, akanyamazishwa kwa macho. Wakati huo huo, ndugu yangu alikuwa nje akicheza mpira na wenzake, kifua wazi, suruali imepasuka nyuma, na hakuna aliyemwita aje ajisitiri. Siku ya mashindano nilikaa darasani peke yangu nikisoma Bayolojia bila kuelewa hata sentensi moja. Msichana aliyeshinda mita 1500 ni yule niliyekuwa nimemwacha mbali katika mazoezi ya pamoja. Nililia kwikwi kwikwi, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Muhula wa pili, Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala. Hoja ilikuwa: "Mavazi ya wanawake michezoni yanapotosha maadili, hivyo yasionyeshwe kwenye runinga." Nilijitolea kuwa msemaji wa kwanza wa upinzani kabla mlezi wa chama hajamaliza kuisoma. Alituruhusu kutumia tarakilishi ya ofisini wakati wa chakula cha mchana, na huko ndiko nilikopata mambo yaliyoniacha kinywa wazi.

Niligundua kwamba rimoti ya baba ina ndugu zake duniani. Mwezi wa Julai 2021, katika mashindano ya Ulaya ya mpira wa mikono wa ufukweni nchini Bulgaria, wanawake wa Norway walikataa kuvaa chupi ndogo iliyotakiwa na kanuni, wakavaa bukta. Walitozwa faini ya euro 1,500. Wanaume katika mchezo huo huo walivaa bukta na fulana bila neno. Mwezi huo huo nchini Uingereza, Olivia Breen, mwanariadha wa michezo ya walemavu kutoka Wales, aliambiwa na afisa mmoja kwamba bukta yake ni fupi mno. Huku mwanamke anaadhibiwa kwa kujisitiri, kule anakemewa kwa kutojisitiri, na ni mwezi mmoja!

Haikuishia hapo. Mwaka 2011 wanasoka wa kike wa Iran walizuiwa kucheza mechi ya kufuzu kwa Olimpiki kule Jordan kwa sababu ya vitambaa vyao vya kichwani. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2014, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akawa wa kwanza kucheza Kombe la Dunia akiwa na hijabu. Mwaka 2018 Serena Williams alivaa vazi jeusi la kumbana lililofika miguuni katika mashindano ya Ufaransa, akaeleza kwamba linamsaidia kuzuia damu kuganda baada ya uzazi. Baadaye rais wa shirikisho la tenisi la nchi hiyo alisema vazi kama hilo halitakubaliwa tena.

Na Marekani je? Tarehe 1 Februari 2004, katika burudani ya mapumziko ya fainali ya kandanda yao, Justin Timberlake alivuta vazi la Janet Jackson, kifua kikaonekana kwa muda usiotimia sekunde moja. Serikali ilikitoza kituo cha televisheni faini ya dola 550,000, ingawa mahakama iliifuta mwaka 2011. Lawama nyingi zilimwangukia mwanamke. Mwanamume aliyevuta alialikwa kutumbuiza fainali hiyo tena mwaka 2018. Lakini Zinedine Zidane alipompiga Marco Materazzi kichwa kifuani katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2006, kitendo hicho kilirudiwa na runinga mara zisizohesabika, na mwaka 2012 kilichongewa sanamu kubwa iliyowekwa mjini Paris.

Jioni ya kuamkia mjadala nilikuwa jikoni nikifanya mazoezi ya hotuba yangu kwa sauti. Nilipofika kwa Norway, nikasikia cherehani imenyamaza.

"Rudia hapo," baba akaita. Nikarudia. "Yaani walipigwa faini kwa kukataa chupi?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi hao wako upande wangu. Si walitaka nguo ndefu? Hata mimi ndilo ninalosema."

Nikapigwa na butwaa. Sikuwa na jibu. Nililala nikijipindua kitandani kama samaki aliyevuliwa, maana mfano wangu bora ulikuwa umetekwa na adui.

Jibu lilinijia asubuhi nikikimbia kwenda shuleni. Wale wa Norway hawakupigania bukta iwe ndefu. Breen naye hakupigania yake iwe fupi. Wa Iran walitaka kitambaa, Serena akataka vazi la kumbana. Kila mmoja alitaka kitu tofauti, lakini wote walinyimwa kitu kimoja, yaani kuulizwa. Aliyevaa, aliyetoka jasho, ndiye wa mwisho kuulizwa. Hayo ndiyo niliyoyasema katika mjadala, na makofi yalilipuka paaa! Hata hivyo tulishindwa kwa kura mbili. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Jioni nilimwambia baba maneno yayo hayo, kwa heshima, nikiwa nimesimama kando ya cherehani. Nikaongeza: "Baba, ulimshangilia msichana wa mtu mwingine akiwa amevaa hivyo. Baba yake naye angesema hapana, wewe ungelia usiku ule?"

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani kofi linakuja. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia: "Wewe mama, unafikiri ni bukta? Mimi hupita pale steji ya bodaboda. Nasikia vile wale vijana wanasema juu ya wasichana wakipita. Sitaki waseme hivyo juu yako."

Moyo wangu ulilainika, maana niliona kwamba alikuwa akiogopa. Lakini nilimjibu, "Wananiambia hayo hata nikiwa na sketi ya shule, Baba. Mbona wao hawazimwi na rimoti?"

Mama akacheka huko jikoni. Baba hakucheka. Alichukua futi yake ya kupimia, akaniambia nisimame wima, akapima kutoka kiunoni. "Hapa?" akauliza, akigusa goti. "Juu kidogo, Baba." "Hapa?" "Hapo sawa." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza.

Ndugu msomaji, usidhani mambo yamenyooka kama reli. Bukta ipo, rangi ya shule, mshono mara mbili, na mwalimu wa michezo ameikubali. Lakini riadha ni muhula wa kwanza, na muhula wa kwanza ujao nitakuwa kidato cha nne. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya pekee iliyobaki, na baba bado hajatia sahihi fomu yoyote. Asemacho ni, "Tutaona." Mimi nafanya mazoezi kila alfajiri kana kwamba amekwisha kutia sahihi. Vijana wa steji bado wanasema yao. Siku moja nilimwona baba amesimama nao, akizungumza nao kwa utulivu, kikombe cha chai mkononi. Sikuuliza walizungumza nini.

Juma lililopita voliboli ya wanawake ilitokea kwenye runinga. Mkono wa baba ukaenda kwenye rimoti. Ukasimama. Akanitazama, akatazama runinga, akaitazama ile rimoti kama mtu asiyekumbuka kazi yake. Kisha akaiacha mezani, akainuka kwenda kunywa maji. Alikunywa maji mengi sana jioni hiyo.

Nami nawaachia wenzangu swali moja tu: nyumbani kwenu rimoti iko mkononi mwa nani, na hulia tap kwa nani?