Granada: mtaa ambako gitaa moja ni bei ya paa la nyumba

Ukitaja Hispania mbele ya kijana wa Dar, akili inakimbilia Real Madrid na Barcelona. Sawa, mpira una utamu wake. Lakini kama wewe na mwenzi wako mnatafuta mji wa kutembea mkiwa mmeshikana mikono, mle vizuri bila kufilisika, na mgombane kidogo kuhusu pesa (usicheke, mtagombana tu), basi nendeni Granada.

Mji uko kusini, chini ya milima ya Sierra Nevada, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Jina lake kwa Kihispania ni komamanga, na makomamanga utayakuta kila kona, hadi kwenye vyuma vya kuzuia magari barabarani. Watawala Waislamu waliushikilia hadi mwaka 1492, na ngome yao nyekundu, Alhambra, bado imekaa juu ya kilima ikiuangalia mji. Kwa mtu wa pwani kuna vitu havihitaji mkalimani: nakshi za ukutani, nyua za ndani zenye maji, na vichochoro vya Albaicín ambavyo vinakupoteza kama vile vya Mji Mkongwe.

Sisi tulifika kwa treni kutoka Madrid. Kazi ndiyo iliyonipeleka Madrid, kwenye semina ya wiki moja. Mume wangu akajilipia tiketi akanifuata, tusherehekee miaka mitano ya ndoa. Mimi nilitaka kuiona Alhambra. Mwenzangu alikuwa na mtaa mmoja tu kichwani.

KEKO YA MAGITAA

Mtaa wenyewe unaitwa Cuesta de Gomérez. Unaanzia uwanja wa Plaza Nueva, unapanda mlima kweli kweli, na unaishia kwenye lango la mawe lenye makomamanga matatu juu yake. Ukilivuka tu, umeingia kwenye miti ya Alhambra. Watalii wengi wanaupita haraka wakiwahi tiketi zao, wakisimama labda kununua sumaku za kubandika kwenye friji. Wanapitwa na kitu. Katikati ya maduka hayo kuna karakana za mafundi gitaa. Casa Ferrer, mojawapo ya majina makongwe ya kazi hii mjini hapa, ilianza mwaka 1875.

Ukikaribia mlango unakutana na harufu ya mbao iliyotoka kurandwa na gundi. Kama umewahi kupita Keko kuchagua kitanda, harufu hiyo unaijua. Tofauti ni kwamba hapa fundi anaweza kukaa na ubao mmoja wiki nzima, anaukwaruza, anaugonga kwa kidole, anasikiliza, anaukwaruza tena.

Wala si ajabu kazi hii kupata makao hapa. Waarabu wa Andalusia walikuwa na udi, chombo kile kile unachokisikia kwenye taarab, na neno lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya mti. Leo mfalme wa mji ni gitaa la nyuzi za nailoni, la muziki wa klasiki na la flamenko.

Sasa nikupe siri ya nyumba yetu. Mume wangu hupiga gitaa kanisani, na mara moja moja kwenye harusi za marafiki. Lile alilonalo alilinunua Kariakoo akiwa chuo, plaiwudi tupu. Kwa miaka miwili amekuwa akiweka pembeni pesa ya gitaa la maana. Na sisi hao hao tuna nyumba Kibaha imefika kwenye linta, inasubiri paa, na masika hayamsubiri mtu. Umenielewa kwa nini sikuingia mtaa ule kama mtalii wa kawaida.

KUTOKA EURO 190 HADI 6,500

Karakana tuliyoingia ilikuwa ya mzee mmoja mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Binti yake ndiye aliyetutafsiria. Ukutani, gitaa la kwanza lilikuwa la kiwandani, euro 190. La pili, la karakana ndogo ya jirani, 1,300. La tatu, 2,800. La nne, alilolitengeneza mzee mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, euro 6,500. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani: hizo ni karibu shilingi milioni 20. Hapo umenunua mbao, bati na misumari, umemlipa fundi, na chenji ya soda unayo.

Nikamuuliza bila aibu: "Mzee, hili linalia vizuri mara thelathini kuliko lile?"

Akacheka, akalishusha lile la bei ya chini, akaanza kutuonyesha. Ubao wake wa mbele, yaani kifua cha gitaa, ni plaiwudi. Tabaka zilizogundishwa hazitetemeki vizuri kama ubao mzima, kwa hiyo sauti inatoka nyembamba. Nyuzi zimekaa juu mno kutoka kwenye shingo, mwanafunzi anabonyeza mpaka vidole vinamuuma, mwishowe anaacha. Funguo za kukazia nyuzi zinateleza, umetyuni sasa hivi, wimbo haujaisha limeshaharibika. Kwa maneno mengine, hatua ya kutoka 190 hadi 1,300 unaiona kwa macho na unaisikia kwa masikio.

Kutoka hapo kwenda juu, unalipia nini? Kwanza muda, kwa sababu fundi wa namna hii anatoa magitaa machache tu kwa mwaka. Pili jina. Tatu mbao adimu za mgongo na mbavu. Rozwudi ya Brazil, kwa mfano, biashara yake ya kimataifa imebanwa kabisa tangu mwaka 1992, kwa hiyo mwenye ubao wa zamani wenye vibali ameshika dhahabu.

Lakini mgongo huo ndio unaoleta sauti? Wahispania wana jibu la zamani. Antonio de Torres, fundi wa Almería ambaye umbo la gitaa la klasiki la leo limetokana na kazi yake, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye kifua cha ubao mzuri, mgongo na mbavu akaziunda kwa karatasi ngumu. Karatasi! Alitaka kuonyesha kwamba kazi kubwa inafanywa na kifua. Gitaa hilo limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya muziki Barcelona.

MACHO YAFUNGWE

Na si Torres peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa sita yaliyotengenezwa sawasawa, isipokuwa mbao za mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 wakavalishwa miwani ya mafundi wa kuchomelea, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, wapige bila kujua wameshika lipi. Alama walizotoa zilikaribiana sana, mbao ya bei mbaya na mbao ya kawaida, na wengi hawakuweza kuzitofautisha.

Nikasema na sisi tujaribu. Nikakaa nimeangalia ukuta, mume wangu akapiga kipande kile kile kwenye magitaa yote manne kwa kuyachanganya, mara tatu. Lile la 190 nililinasa kila mara, lina sauti ya debe. Lakini kati ya la 1,300 na la 6,500? Nilipatia mara moja tu kati ya tatu, na hiyo moja naamini ilikuwa bahati. Moyoni nikaanza kuziona bati za Kibaha zikimeremeta.

Kisha mzee akauchukua mtandio wangu, akamfunga mume wangu macho, akawa anampa magitaa moja baada ya jingine. Alipofika kwenye lile la 6,500, mume wangu alinyamaza. Akapiga polepole sana, sauti ndogo kama mtu anayenong'ona, na kila noti ikasimama peke yake. "Hili," akasema, "halinibishii. Naligusa kidogo tu, linaitika." Na alilitambua kila mara. Si kwa sikio, kwa mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa ubishi wa magitaa ghali hauishi kwa nini. Msikilizaji na mpigaji hawapimi kitu kimoja. Aliyekaa kwenye benchi la kanisa hatajua tofauti ya milioni 15. Aliyelishika anajua ndani ya dakika moja. Muuzaji atakuuzia habari za mbao za mgongo, lakini unachonunua hasa ni jinsi linavyoitikia vidole. Je, hicho kina thamani? Kinayo, kwa mtu mmoja. Na pesa ni ya watu wawili.

MPINGO, NA HEWA YA DAR

Kabla hatujatoka, mzee akatuletea ubao mweusi, mzito kama chuma, wa kutengenezea mgongo wa gitaa la oda maalumu. Mume wangu akaugeuza, akaniangalia. Mpingo! Mti wetu wa vinyago, unaotumika pia kwa klarineti duniani kote, unaota Tanzania na Msumbiji na unachukua miongo mingi kukomaa. Binti alipomwambia baba yake tunatoka unakotoka mti huo, alitupa mkono upya. Mimi nikawaza vijiji vya Kilwa, ambavyo tangu 2009 vimeanza kupata vyeti vya kimataifa vya kutunza misitu yao na kuuza mpingo wao kihalali. Gitaa ghali likimrudishia mwanakijiji sehemu ya haki yake, hiyo ni thamani ambayo hakuna miwani ya kuchomelea itakayoipima.

Lakini swali lililobadilisha mambo aliliuliza mzee: "Mnaishi wapi huko? Karibu na bahari?"

Granada ni pakavu. Mbao zilizokaushwa na kuunganishwa kwenye hewa ile, ukizileta kwenye unyevu wa Dar, zinanywa maji na kuvimba, kifua kinapanda, nyuzi zinakaa vibaya. Kisha unaliweka kwenye chumba chenye kiyoyozi usiku kucha, linakauka ghafla, linaweza kupasuka. Ubao mwembamba wa gitaa la bei kubwa ndio unaoumia haraka zaidi. Plaiwudi, masikini, haijali sana. "Hili langu kwenu," akasema kuhusu lile la 6,500, "litakuwa kama mgonjwa. Litataka kuangaliwa kila siku."

Akatuonyesha tena lile la 1,300. Kifua ni ubao mzima, mgongo ni msaipresi, ndugu wa misaipresi ya Lushoto. Msaipresi ulianza kutumika kwenye magitaa ya flamenko kwa kuwa ulikuwa mti wa hapo hapo, nafuu kuliko mbao za kuagiza. Leo watu wanautafuta kwa sauti yake ile ile kali na nyepesi.

MEZANI, USIKU

Granada ukiagiza kinywaji unaletewa sahani ndogo ya chakula bila kulipia. Utamaduni huo umeokoa ndoa nyingi, naamini. Tuliagiza mara tatu, tukabishana mara tatu.

Mwisho mume wangu akasema: "Mke wangu, la 6,500 silitaki. Ninachotaka ni usiseme yote ni sawa."

Nikamjibu: "Si sawa, nimekuona ulivyonyamaza. Na wewe usiseme paa linaweza kusubiri."

Asubuhi tukarudi, tukalipa 1,300 na kasha gumu juu yake. Iliyobaki ikaenda Kibaha. Sitakudanganya kwamba hajawahi kulikumbuka lile jingine. Kuna Jumapili namwona kabisa.

KAMA NA NYIE MNAKWENDA

Tiketi za Alhambra zinaisha mapema. Kateni wiki kadhaa kabla, na siku yenyewe msisahau pasipoti. Karakana na maduka mengi hufungwa mchana, kwa hiyo nendeni asubuhi au jioni. Ombeni ruhusa kabla ya kugusa chombo chochote.

Ukitaka kununua gitaa, iwe Granada au Kariakoo, mwenzako ageuke aangalie ukuta, na wewe ufunge macho. Angalia kifua ni ubao mzima au plaiwudi: chungulia ukingo wa tundu la sauti, tabaka zitajionyesha. Bonyeza nyuzi juu na chini ya shingo, kama vidole vinalalamika dukani, nyumbani vitalia.

Na kama mfuko haujakaa sawa, lipeleke lile lile la bei poa kwa fundi. Ashushe nyuzi, aweke mpya, abadilishe funguo zinazoteleza. Kwa pesa ya mlo wa watu wawili mjini, utaondoa sehemu kubwa ya mateso uliyodhani dawa yake ni gitaa la milioni 20.