Waliosomwa Mwisho

Watoto waliosoma Kitui na Makueni, Kenya, kati ya 1985, mtihani wa darasa la nane wa KCPE ulipoanza, na 2023, ulipofanywa mara ya mwisho, walikua wakijijua kwa nambari. Siku ya kufunga shule wazazi walikaa chini ya mti, na mwalimu akasoma majina kuanzia wa kwanza. Watatu wa juu walipigiwa makofi. Jina la mkia nalo lilisomwa, na watu wakacheka. Tangu hapo mtoto huyo alihamia dawati la nyuma, na alipokaribia darasa la nane akaambiwa arudie la saba asije akashusha wastani wa shule.

Kuitwa mjinga mara moja mbele ya mama yake kunamtosha mtoto. Baada ya hapo anajikinga: hanyooshi mkono, kazi ya nyumbani haigusi, maana afadhali achapwe kwa uvivu kuliko kwa kujaribu akashindwa. Mwalimu akiuona uvivu huo, anasema, "Sikuwaambia?"

Mwaka 1968 watafiti Rosenthal na Jacobson walichapisha utafiti wao wa shule moja ya California, Marekani. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani watachanua, kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Na wale wa madarasa ya chini wakapanda kweli kwa alama. Wasomi wangali wanaubishania, lakini mimi nimeyaona hayo kinyumenyume, watoto wakishuka.

Yuko mwanamume upande wa Makueni aliyemaliza darasa la nane miaka ya tisini. Mwethya wetu, yaani kikundi chetu cha kusaidiana, ulipotaka kujenga bwawa la mchanga, ni yeye aliyetuonyesha pa kuchimba msingi. Alifuata mto akitazama mikuyu, akachoma mchanga kwa chuma kirefu hatua baada ya hatua, akisikiliza. "Mwamba uko hapa. Pale mlipopataka ninyi, maji yatapita chini ya ukuta." Mifuko ya saruji akaikadiria kichwani. Bwawa lingalipo, na kiangazi watu wanachota maji hapo. Tulipomchagua awe mweka hazina, alikataa katakata: "Mzee, mimi nilikuwa mkia."

Mtaala mpya umeacha nambari hizo. Kadi sasa inasema "kukaribia matarajio" au "mbali na matarajio". Nashukuru kwa upole huo, ila maneno haya nayo yakisomwa mbele ya umati kwa sauti ile ya zamani yatajeruhi vilevile. Binti wa mwanamume huyu alileta "mbali na matarajio" katika hisabati. Baba akaitazama kadi, akasema bila hasira, "Huyu amenifuata mimi."

Nilimjibu papo hapo, msichana akisikia: kama amekufuata wewe, mpeleke mtoni umfundishe unavyoutafuta mwamba; na mkutano ujao wa wazazi uende mwenyewe, usimtume mama yake.